Gari la Zamani kwa Safari za Kila Siku: Pesa Zianzie Wapi

Anayenunua gari la zamani ili aende nalo kazini kila siku hushawishika kuanza na rangi, kwa kuwa rangi ndiyo inayoonwa na majirani. Mimi nashauri rangi iwe ya mwisho, kwani sakafu iliyoliwa na kutu itahitaji kuchomelewa, na cheche hazichagui pa kuangukia.

Breki ndizo zitangulie. Mpira wa breki, yaani bomba laini linalopeleka mafuta ya breki kwenye gurudumu, huzeeka ndani kabla ya nje. Fundi wangu wa Industrial Area aliukata kwa kisu mmoja wa Peugeot 504 yangu: nje ulikuwa laini na mweusi, ilhali ndani tundu lilikuwa limeziba kiasi kwamba sindano ya kushonea ingepita kwa shida. Mpira wa namna hiyo huyazuia mafuta kurudi, na dalili yake ni gurudumu moja kubaki la moto baada ya mwendo mfupi. Badilisha mipira yote kwa pamoja, nayo mafuta ya breki yabadilishwe kila miaka 2, kwa sababu hufyonza unyevu na yanaweza kuchemka unapoteremka kuelekea Mai Mahiu.

Baada ya breki, shughulikia mfumo wa kupoza injini. Nairobi iko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na katika kimo hicho maji yaliyo wazi huchemka karibu na nyuzi 94. Kifuniko cha rejeta, yaani tangi linalopoza maji ya injini, ndicho kinachohifadhi shinikizo linalopandisha kiwango hicho, kwa hiyo kifuniko kilichochakaa, ambacho kipya chake hakikosekani Kirinyaga Road, chaweza kukuacha kando ya Mombasa Road boneti ikiwa wazi. Ongeza pia feni ya umeme yenye swichi ya joto, maana feni inayozungushwa na mkanda wa injini hupunguza kasi wakati uleule gari limekwama kwenye msongamano.

Feni hiyo hula umeme mwingi. Ikiwa gari lako bado lina dinamo, mtambo wa zamani wa kuchaji betri, weka kwanza alteneta, mtambo wa kisasa wa kazi hiyohiyo, kwani dinamo haichaji vya kutosha injini inaponguruma polepole. Taa za mbele nazo zipewe rilei, swichi ya umeme inayowashwa na mkondo mdogo, ili mkondo mkubwa usipite katika swichi ya miaka arobaini.

Kabureta, kifaa kinachochanganya petroli na hewa, ikiwa imepimwa kwa hewa ya pwani humwaga petroli kupita kiasi huku kwetu juu, ambako hewa ni nyepesi. Plagi zikitoka na masizi makavu, mwambie fundi airekebishe kabla hajakushawishi kununua injini nyingine. Wapo wanaoweka injini ya Toyota, na siwalaumu, ila nguvu zikizidi breki nazo lazima ziongezwe, na namba ya injini mpya iandikishwe NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani. Mimi nilibaki na injini ya asili, na pesa zilizosalia zikanunua mikanda ya usalama yenye nanga tatu, iliyofungwa kwenye chuma kilichoimarishwa.