Kaunta ya mashine iingie yenyewe kwenye kompyuta ya stoo: njia ninayoitumia viwandani Arusha na Moshi

Mkuu, umesema mna kiwanda kidogo cha maji ya chupa hapo Moshi. Mashine ya kujaza ina PLC (kifaa cha kielektroniki kinachoiendesha mashine), na kila shifti ikiisha karani anasoma namba kwenye kioo na kuiandika kwenye daftari, kisha kesho yake mhasibu anaiingiza kwenye kompyuta. Mnataka namba hiyo ifike kwenye kanzidata bila mkono wa mtu, na bosi hataki kuajiri programa. Inawezekana kabisa. Mimi ni fundi wa umeme wa viwandani, nimefunga mifumo ya namna hii kwenye vinu vya unga hapa Unga Limited, Arusha, na kwenye mitambo ya kukoboa kahawa huko kwenu, na yote inaendeshwa na mafundi wa kawaida wa kiwanda.

Nianze na jambo ambalo muuzaji wa programu hatakuambia. Kuvuta waya na kuunganisha programu ni sehemu ndogo ya kazi. Sehemu kubwa ni kukubaliana ni namba ipi mnaitaka. Laini ya maji huwa na kaunta kwenye kujaza, nyingine kwenye kufunga vizibo, na pengine ya tatu kwenye katoni. Zote ni sahihi na zote hazilingani, kwa kuwa kuna chupa inayojazwa ikakosa kizibo, na kuna yenye kizibo inayotolewa kwenye ukaguzi. Mtunza stoo anataka katoni zilizofika mlangoni kwake. Msimamizi wa uzalishaji anataka chupa zilizojazwa. Mhasibu anataka kujua tofauti imekwenda wapi. Kaeni hao watatu pamoja, na mumwite mwendesha mashine wa usiku, ambaye mara nyingi ndiye anayeijua laini kuliko wote.

Nasisitiza hili kwa sababu nimeona linavyoumiza watu. Kinu kimoja mizani ya kufungashia ilikuwa ikionyesha mifuko mingi kuliko inayopokelewa stoo, na vibarua wa kufungasha walikuwa wakikatwa fedha kwa tuhuma za wizi. Tulipoanza kurekodi kila mfuko na muda wake, ikaonekana mfuko ukipasuka unga unarudishwa na kupimwa upya, na mizani inahesabu mara mbili. Hakuna aliyeiba. Daftari la mwisho wa shifti lisingeweza kuonyesha hilo, kwa kuwa lina jumla peke yake.

Sasa mashine. Fungua paneli uangalie PLC ina tundu la kebo ya mtandao au ina skrubu za RS-485 tu, yaani za mawasiliano ya data kwa jozi ya waya. Nyingi zinaongea Modbus, lugha iliyotolewa na kampuni ya Modicon mwaka 1979 na bado inatumika kila mahali. Ikiwa ni RS-485, unahitaji kigeuzi kidogo cha kuipeleka kwenye mtandao wa kawaida. Waya huo unaweza kwenda hadi mita 1,200, ila tumia jozi iliyosokotwa, weka rezista ya omu 120 kila mwisho, na usiulaze pamoja na nyaya za mota zinazotoka kwenye inveta (kifaa cha kudhibiti kasi ya mota). Ukipuuza hilo utapata namba zinazokatika kila mota inapoanza, na utailaumu programu bure.

Modbus haina majina. Inakupa rejista, yaani nafasi za kumbukumbu ndani ya PLC, zenye namba, kila moja biti 16, basi. Kwa hiyo mwombe aliyewauzia mashine orodha ya rejista kabla hujanunua kitu kingine chochote. Ukiipata, kuna mitego mitatu. Rejista inayoandikwa 40001 kwenye kitabu, kwenye waya anwani yake ni 0, hivyo programu nyingi zinataka upunguze moja. Namba kubwa hukaa kwenye rejista mbili, na watengenezaji hawakubaliani ipi itangulie. Ukizipindua, volti 230 inasomeka karibu na sifuri. Na kaunta ya rejista moja inaishia 65,535 kisha inarudi 0. Mashine inayojaza chupa 40 kwa dakika inafika hapo baada ya saa 27 hivi, kwa hiyo kila siku moja na kidogo kaunta itaonekana imeanguka.

PLC mpya zaidi huwa na OPC UA, lugha nyingine ya mawasiliano, ambayo hutoa vitu kwa majina yake na ina ulinzi. Ikiwepo, itumie, itakupunguzia nusu ya maumivu.

Kwa programu ya katikati, kiwanda cha laini moja kinatosheka na Node-RED. Ilianzia IBM mwaka 2013, ni bure, na unafanya kazi kwa kuburuta visanduku na kuviunganisha kwa mistari: kimoja kinasoma Modbus, kingine kinaandika kwenye kanzidata kama MySQL au PostgreSQL. Utaandika sentensi moja ya INSERT, amri ya kuingiza data, hata karani mwepesi wa kompyuta anaielewa. Ignition na Kepware, programu za kulipia za kazi hiyo hiyo, ni nzuri sana, na Ignition ina hifadhi ya muda kanzidata inapopotea, lakini leseni zake nazipendekeza pale penye laini nyingi na PLC za aina tofauti. Msianze nazo.

Usiandike moja kwa moja kwenye majedwali ya mfumo wa stoo au uhasibu. Naomba hili mlishike. Majedwali hayo yana uhusiano mwingi ndani yake, na mstari mmoja ulioingizwa kutoka nje unaweza kuvuruga hesabu za mwezi mzima. Tengeneza jedwali lako pembeni lenye muda, mashine, namba ya kaunta kama ilivyosomwa, na hali ya mawasiliano. Hifadhi namba ghafi kila dakika. Tofauti kati ya usomaji mmoja na unaofuata ihesabiwe na kanzidata yenyewe. Kwenye MySQL kuanzia toleo la 8.0 kuna LAG, amri inayoleta usomaji uliotangulia ili uutoe kwenye huu wa sasa. Namba ikishuka, ama kaunta imejaa ama PLC imeanza upya baada ya umeme kukatika, na kwa kuwa ulihifadhi ghafi utaweza kurudi nyuma kusahihisha. Ukihifadhi tofauti peke yake, umepoteza ushahidi. Mfumo wa stoo nao usome jumla ya shifti kutoka kwenye jedwali hilo kwa ODBC (njia ya kawaida ya programu moja kusoma kanzidata ya nyingine) au kwa faili, mhasibu akiwa ameikubali.

Shifti ya usiku inavuka saa sita, kwa hiyo ripoti inayokata kwa tarehe itaigawa vipande viwili. Weka kwenye jedwali safu ya shifti, ya usiku ikihesabiwa kuanzia saa 12 jioni hadi saa 12 asubuhi. Na waelekeze makarani kwamba 20:00 ya kwenye kioo ndiyo saa 2 usiku ya kwenye daftari lao, la sivyo wiki za mwanzo za kulinganisha zitaleta ugomvi. Hizo wiki za kulinganisha ni lazima, daftari lisiondolewe kabla namba hazijakubaliana.

Umeme: kompyuta ndogo inayoendesha Node-RED, swichi ya mtandao na kigeuzi vyote viwe kwenye UPS (betri ya akiba). Watu huweka kompyuta peke yake wakasahau swichi.

Usalama: Modbus haina nywila. Yeyote aliye kwenye mtandao huo anaweza kuandika kwenye PLC, yaani kusimamisha au kuwasha mashine wakati mtu ana mkono ndani. Mtandao wa mashine utenganishwe na wifi ya ofisi, usiwe na njia ya kutoka intaneti, na programu yako itumie amri za kusoma tu, namba 03 na 04. Hapo mimi sina mjadala na bosi yeyote.

Ikiwa PLC imefungwa kwa nywila na muuzaji hatoi orodha, usiivunje. Funga sensa yako ya mwanga baada ya kizibo, iingie kwenye moduli ndogo ya Modbus yenye kaunta, na mashine yao haiguswi kabisa. Kwa mashine za zamani zisizo na PLC hii ndiyo njia ninayoanza nayo, na wanafunzi wanaokuja field kutoka Chuo cha Ufundi Arusha wanaifunga vizuri.

Piga picha ya lebo ya PLC na ya skrubu au matundu yaliyo pembeni yake, uweke hapa. Andika pia mfumo wa stoo unatumia kanzidata gani. Nikiona hivyo nitakuambia kama unahitaji kigeuzi au waya tu.