Kabla ya kununua simu ya 5G, uliza modemu ni ya nani

Wateja wengi wanaofika dukani kwangu Kariakoo kutafuta simu ya 5G huuliza habari za kamera, betri na hifadhi, lakini ni wachache mno wanaouliza modemu yake imetengenezwa na nani na ni ya mwaka gani. Ushauri wangu, hasa kwa anayenunua simu iliyotumika kutoka nje, ni kwamba swali hilo litangulie mengine yote.

Modemu ndiyo sehemu ya simu inayowasiliana na mnara wa mtandao, na kuitengeneza ni kazi ngumu kwa sababu ni lazima ielewane na mitandao ya zamani na mipya, katika masafa ya mawimbi yanayotofautiana nchi hadi nchi, bila kumaliza chaji. Ushindani wake umewashinda hata matajiri. Broadcom ilijitoa mwaka 2014, Nvidia ikafuata mwaka 2015, na Aprili 2019, siku ileile Apple na Qualcomm, kampuni ya chipu za simu, walipomaliza kesi zao, Intel ilitangaza kuachana na modemu za 5G za simu. Mwaka huohuo Apple ilikubali kununua sehemu kubwa ya kitengo cha modemu za simu cha Intel kwa dola bilioni 1, lakini modemu yake ya kwanza, C1, ilikuja kuonekana Februari 2025 ndani ya iPhone 16e. Kama Apple, pamoja na fedha zake zote, ilihitaji muda huo, basi tangazo la chipu mpya lisimtoe mtu mbio.

Simu nyingi za 5G za mwaka 2019 zilibeba Snapdragon 855, chipu kuu ya Qualcomm, ikisaidiwa na modemu ya pembeni, X50, ambayo ilishughulikia 5G peke yake na tena ile inayoegemea 4G tu. Chipu mbili zikifanya kazi kwa pamoja hula chaji na kuipasha simu moto. Nikiletewa simu ya kundi hilo, hata iwe haina mkwaruzo, huipangia bei ya simu ya 4G.

Hali ilibadilika MediaTek, mshindani wa Qualcomm, ilipotangaza chipu ya Dimensity 1000 mnamo Novemba 2019, modemu ikiwa ndani ya chipu kuu, na mwezi uliofuata Qualcomm ikajibu kwa Snapdragon 765. Kuanzia hapo vita vilishuka hadi kwenye simu za bei ya chini, kwa chipu kama Dimensity 700 na Snapdragon 480, na hapo ndipo mwenye kipato cha kawaida anapofaidi. Kwa matumizi ya kila siku, mimi humshauri mteja achukue simu ya kawaida yenye chipu ya miaka ya karibuni kuliko simu ya kifahari ya 2019. Kusubiri 6G, inayotarajiwa kuanza karibu na 2030, sioni kama kuna faida.

Angalia pia namba ya modeli kwenye sehemu ya "Kuhusu simu". Galaxy S21 yenye SM-G991B ina chipu ya Exynos ya Samsung yenyewe, ilhali SM-G991U ina Snapdragon na masafa yake yamepangwa kwa mitandao ya Marekani, ingawa kwa nje huwezi kuzitofautisha. Kwa hiyo weka laini yako mwenyewe mahali unapojua 5G inapatikana, washa data, piga simu, kisha subiri uone kama alama ya 5G inarudi ukishakata, na yote hayo uyafanye kabla hujatoa pesa.