Baba mtarajiwa na ruhusa ya kwenda kliniki Uingereza

Ndugu, umeuliza kama mwajiri wako hapo Uingereza anaweza kukunyima ruhusa ya kumsindikiza mkeo kliniki kwa kuwa kazi umeianza juzi tu. Ukiwa mwajiriwa, haki hiyo unayo tangu siku ya kwanza. Wafanyakazi waliopelekwa kazini na wakala wa ajira ndio husubiri wiki 12. Ni mara 2 kwa ujauzito, kila mara isizidi saa 6 na nusu, ukihesabu na njia na foleni. Kukulipa saa hizo halazimiki, ila soma mkataba wako, wapo wanaolipa.

Wengi hukwama kwenye karatasi. Meneja anadai kadi ya kliniki, na kadi ni ya mama! Hulazimiki kuitoa. Anachoweza kudai ni tamko lako lenye saini, hata kwa barua pepe: "Mimi ni mume wa mjamzito. Naomba ruhusa niende naye kliniki tarehe fulani, saa fulani, kwa ushauri wa mkunga aliyesajiliwa." Lipeleke mapema, maana akiwa na sababu ya msingi anaweza kukataa. Akikataa bila sababu, anza haraka na Acas, shirika la usuluhishi wa migogoro ya kazi; baraza la kazi likikupa haki, atakulipa mara mbili ya ujira wa saa hizo.