Italia na mzazi mzee: panda treni, gari liache

Mleta mada ana siku nane, anasafiri na mkewe pamoja na mama yake wa miaka 70, mwezi wa Agosti. Anauliza kama akodi gari ili waone Roma, Firenze, Venezia, Milano na Napoli. Mimi naishi Roma na nimepokea ndugu wengi kutoka Dar, Tanga na Mombasa, kwa hiyo nakujibu kwa niliyoyaona.

Mkuu, gari achana nalo. Katikati ya miji mingi ya zamani kuna eneo linaloitwa ZTL ambamo gari lisilo na kibali haliruhusiwi kuingia saa fulani. Askari wa kukusimamisha humuoni, kazi yote inafanywa na kamera. Faini inakwenda kwanza kwa waliokukodishia, wao wanatoa jina lako na kukukata ada ya usumbufu kwenye kadi, kisha faini yenyewe inakufuata nyumbani miezi kadhaa baadaye. Ndugu mmoja alizunguka asubuhi akitafuta maegesho, na kila alipopita kwenye kamera ikahesabiwa faini mpya. Gari lina faida ukienda kulala mashambani Toscana au kuzunguka Sicilia, na hapo utahitaji kibali cha kimataifa cha udereva pamoja na leseni yako.

Panda treni. Kwa treni ya kasi, Roma hadi Firenze ni kama saa moja na nusu, Roma hadi Napoli ni saa moja na dakika chache, na zinakushusha katikati ya mji. Kampuni ni mbili, Trenitalia na Italo, kwa hiyo linganisha bei. Tiketi za treni hizi hupanda bei kadiri siku inavyokaribia, kata mapema. Treni za mkoa, kama ya Firenze kwenda Pisa, bei yake haibadiliki, unanunua siku hiyo hiyo. Ila ukiwa na tiketi ya karatasi ya treni ya mkoa, igonge muhuri kwenye kimashine kilichopo stesheni kabla hujapanda. Mkaguzi akiikuta haina muhuri ni faini, hata kama umeilipia.

Sasa miji. Mitano kwa siku nane na mama mzee ni kumtesa. Kila kuhama ni nusu siku: kufungasha, stesheni, kutafuta hoteli, kusubiri chumba. Mimi ningekaa Roma usiku nne, Firenze usiku mbili, Venezia usiku mmoja au miwili. Milano ningeiacha. Napoli inafikika kwa kwenda na kurudi siku moja kutoka Roma, lakini Pompei mwezi wa Agosti sikushauri kwa mama: ni magofu mapana, kivuli kidogo, na treni ya Circumvesuviana inayopeleka watu kule hujaa sana.

Venezia karibu kila daraja lina ngazi, kwa hiyo tafuta hoteli karibu na kituo cha vaporetto, ile boti ya abiria. Laini namba 1 inapita Mfereji Mkuu wote taratibu, mama ataona majumba akiwa ameketi. Na angalia tiketi ya treni: Venezia Santa Lucia ndiyo iliyo kisiwani, Mestre iko bara.

Roma, vitu viwili usiende bila kukata tiketi: Colosseum, ule uwanja wa kale wa Warumi, na Makumbusho ya Vatikani. Tiketi ya Colosseum ina jina lako na saa ya kuingia, beba pasipoti. Makumbusho ya Vatikani hufungwa Jumapili, isipokuwa Jumapili ya mwisho wa mwezi ambapo kuingia ni bure, na siku hiyo msongamano wake ni balaa. Kanisa la Mtakatifu Petro halina kiingilio, ila mabega na magoti lazima yafunikwe. Mama abebe kanga mkobani, inamaliza kazi. Firenze kumbuka Uffizi, makumbusho ya sanaa, hufungwa Jumatatu.

Barabara za Roma ya kale ni mawe madogo yasiyo sawa, kwa hiyo viatu vya soli nene, siyo sandali mpya. Chupa ya maji tembea nayo: mji una zaidi ya mabomba 2,000 ya mtaani, maji baridi, safi, bure. Tiketi ya basi na metro ni euro 1.50 kwa dakika 100. Basi namba 64 linalotoka Termini, stesheni kuu ya Roma, kuelekea Vatikani lina vibaka wazoefu, simu na pochi viwe mbele.

Kama mnakula halali, jueni pasta za carbonara na amatriciana zina nyama ya nguruwe. Cacio e pepe, pasta ya jibini na pilipili manga, na pizza margherita hazina nyama. Mitaa ya Piazza Vittorio, karibu na Termini, ina bucha na vyakula vya halali vya Wabangladeshi, bei nafuu. Kahawa ukiinywa umesimama kaunta ni bei nafuu kuliko ukikaa mezani.

Migomo ya usafiri hutangazwa mapema, uliza hotelini kila jioni. Siku za kazi, treni za mkoa zilizohakikishwa hutembea hata wakati wa mgomo, saa 12 hadi saa 3 asubuhi na saa 12 jioni hadi saa 3 usiku. Plagi zetu za pini tatu haziingii kule, nunua adapta kabla.

Kinachonitia wasiwasi zaidi ni Agosti yenyewe. Joto la Roma hupita nyuzi 35, na kuelekea tarehe 15, sikukuu ya Ferragosto, migahawa mingi ya wenyeji hufunga, wenyewe wamekwenda baharini. Kama hujakata tiketi ya ndege, sogeza safari hadi mwisho wa Septemba au Oktoba. Mama atatembea mchana bila shida.