Bibi Nyemo yumo, ila si kwa jina lake

Marahaba, mwanangu Neema. Umeniandikia kwamba umemaliza siku mbili Dar es Salaam kwenye Nyaraka za Taifa, ukafungua majalada kumi na moja ya Jimbo la Kati la enzi za ukoloni. Watemi umewaona, makarani umewaona, mabwana shauri, wale wakuu wa wilaya wa kikoloni, umewaona. Mama yake babu yako, bibi Nyemo, hujamwona hata mstari mmoja. Ndipo ukauliza: "Baba, ina maana hakuandikwa kabisa?"

Kuandikwa aliandikwa. Ila serikali ya wakati ule ilitaka kodi, ng'ombe, nafaka na wapagazi, na mwanamke wa Ugogo aliingia kitabuni pale tu alipoguswa na kimojawapo. Ukimtafuta kwa jina utarudi mikono mitupu. Tafuta kilichomgusa.

Anza na kodi. Kodi ya kibanda ilihesabiwa kwa nyumba, na mume mwenye wake wawili alilipia vibanda viwili. Shika jina la babu mkuu, mume wa Nyemo, jina la jumbe wake, yaani kiongozi wa eneo chini ya mtemi, na kijiji, kisha fuata mstari wake mwaka hadi mwaka. Mwaka vibanda vinapotoka kimoja kuwa viwili, kuna mwanamke ameingia: mke mpya, mjane aliyerithiwa, au mama aliyehamia kwa mwanawe. Mstari hautakuambia ni yupi, kwa hiyo usimwite Nyemo bado. Nakili mwaka tu.

Kanisani ndiko atakapopata uso. Babu mkuu alikuwa Mwanglikana wa Mvumi, lakini shangazi yako husema bibi alibatizwa Bihawana kwa Wakatoliki akiwa binti. Nenda kote kuwili. Usifike kwa paroko mikono mitupu: peleka barua inayotaja majina, kijiji na miaka unayotaka, isiyozidi mitano, maana hakuna atakayekuachia rafu nzima. Daftari la Kikatoliki la miaka hiyo huwa kwa Kilatini, ila Kilatini chenyewe ni kilekile ukurasa hadi ukurasa: "filia" ni binti wa fulani, na "patrinus" au "matrina" ni msimamizi wa ubatizo. Ukikuta "in periculo mortis", aliyebatizwa alikuwa katika hatari ya kufa. Maneno hayo yakirudiarudia katika miaka ya 1918 hadi 1920, unasoma Mtunya, njaa ile kubwa ya Ugogo, iliyokuja baada ya majeshi kukomba ng'ombe, chakula na vijana kisha mvua ikagoma.

Sasa sogeza macho pembeni mwa mstari. Padri aliyefungisha ndoa alipaswa kurudisha taarifa parokia ya ubatizo, na huko ikaandikwa kwenye ukingo wa ukurasa: tarehe, parokia, jina la mume. Ni mwandiko mdogo, mara nyingi wa wino tofauti na wa mkono tofauti. Watu wengi hupiga picha ya mstari wakaukata ukingo, na ukingo ndio unaokupeleka daftari la pili. Piga ukurasa mzima, kona zote nne zionekane. Nakili pia majina ya wasimamizi, kwa sababu hao mara nyingi walikuwa ndugu au majirani, na huenda ukawakuta tena mahakamani.

Umri ulioandikwa kwa mtu mzima usiuamini. Karani alikadiria kwa macho, ndiyo maana utaona watu wengi mno wenye miaka 20, 25 na 30. Pima umri kwa tukio: alikuwa amezaliwa reli ilipofika Dodoma mwaka 1910? Alikuwa ameolewa Waingereza walipoingia Dodoma, Julai 1916?

Tahajia itakutesa kuliko yote. Wamisionari walioandika Kigogo walitumia c mahali pa ch, kwa hiyo Chilonwa usishangae kuikuta Cilonwa, na karani aliyezoea Kiswahili akageuza chi kuwa ki. Wajerumani nao waliandika Muansa kwa Mwanza na Mpapua kwa Mpwapwa. Kabla ya kuagiza jalada, andika kila jina kwa namna tano au sita, na utafute zote kwenye orodha.

Majalada ya Kijerumani yasikutishe. Mwandiko wao wa zamani una herufi e, n na u zinazofanana kama mapacha, na u huwekewa kikunjo kidogo juu ili itambulike. Lakini majina ya kigeni, ya watu na ya mahali, mara nyingi waliyaandika kwa herufi za Kilatini kama hizi zetu. Hata bila kujua Kijerumani unaweza kupitisha macho ukurasani, na jina la Kiafrika litajitokeza katikati ya mikwaruzo. Ukurasa wenye jina unalolitaka ndio umpelekee mfasiri, usimlipe kwa jalada zima.

Mipaka pia iangalie. Jimbo la Kati lilikusanya Dodoma na Singida za leo, kwa hiyo mtu wa Manyoni usimtafute Singida peke yake.

Halafu baraza. Kesi za mahari, talaka na ng'ombe ndizo zilizowafanya wanawake waseme na karani akaandika. Katika vitabu vya mahakama za watemi mdai mara nyingi ni baba au kaka, na mwanamke yuko ndani ya maelezo, "huyu mwanamke", jina linakuja mstari wa nne. Soma kesi yote, usiishie kichwa chake. Na ukiona ng'ombe wametajwa kwa rangi na idadi, nakili hivyo hivyo: ng'ombe wale wale wakitokea kwenye kesi ya miaka mitano baadaye, umepata familia moja.

Majina hujirudia: kina Mariamu, kwa mfano, ni wengi Mvumi. Usiunganishe rekodi mbili kuwa mtu mmoja mpaka angalau vitu vitatu vikubaliane: jina la baba, kijiji, na mume au mtoto. Viwili vikikubaliana andika "huenda", na neno hilo libaki hapo hata ukichoka.

Kwenye chumba cha kusomea nyaraka tumia penseli, jalada moja kwa wakati, na karatasi zibaki kwa mpangilio ule ule ulioukuta. Picha ya kwanza iwe ya jalada lenye namba yake, ndipo kurasa. Picha isiyo na namba hutaweza kuirudia, wala mwingine hatakuamini.

Kabla ya kurudi Dar es Salaam, pita Mvumi kwa shangazi yako. Mwulize jina la nyumbani la bibi, la ubatizo, la kuitwa kwa mtoto wa kwanza, na la baba yake. Mwulize na waliofariki wadogo, taratibu, bila kumkatiza. Nenda kabla mvua hazijaanza, maana akishaingia shambani hutampata ila usiku, na usiku anakuwa amechoka.

Baba yako,
Dodoma