Maswali yenu: neno «bean» la Kiayalandi

Kamusi inasema mwanamke ni «bean», lakini mlango wa choo Dublin umeandikwa «Mná». Kulikoni?

Ni neno lilelile: bean mmoja, mná wengi. Zamani sana mzizi wake ulikuwa na maumbo mawili, moja lenye irabu katikati, jingine halina. Palipokosekana irabu, b ikabanana na n, mwishowe ikageuka m. Anayesema ulimi, kisha ndimi, ameshazoea mambo haya. Angalia na mlango wa pili: «Fir» ni wanaume. Waliozoea Kiingereza huona F wakadhani ni ya wanawake, wakaingia kusiko.

Mwalimu wangu hutamka «mraa». Amekosea?

Hata kidogo. Connacht na Ulster, majimbo ya Ayalandi, husema hivyo; jimbo la Munster husema mnaa.

Nimeona jina «Cumann na mBan». Mbona herufi kubwa iko katikati ya neno?

Swali hili nimelifurahia kuliko yote. Cumann na mBan ni chama cha wanawake kilichoundwa Dublin mwaka 1914, na wanachama wake walishiriki uasi wa Pasaka wa 1916 dhidi ya utawala wa Uingereza. Maana yake ni chama cha wanawake, basi. Ban ndilo umbo la «wa wanawake», wakiwa wengi. Likitanguliwa na kineno «na» cha Kiayalandi, b hufunikwa na m, nawe unatamka «na man». B haisikiki, ila haifutwi: imebakizwa ili jicho la msomaji liuone mzizi, na kwa kuwa ni jina, herufi kubwa hukaa kwenye mzizi huo. Akiwa mmoja, umbo hilo ni mná: teach na mná, nyumba ya yule mwanamke. Kwa hiyo mná ni «wanawake» na pia ni «ya mwanamke». Lishike sentensi nzima, usilishike neno peke yake.

Lina undugu na lugha nyingine?

Ndiyo. Zan la Kiajemi, gyne la Kigiriki na queen la Kiingereza ni watoto wa mzizi mmoja. Ile gw ya kale, Waselti, ambao Kiayalandi ni moja ya lugha zao, waliigeuza b.

Kama bean ni la kike, cailín, yaani msichana, nalo je?

Kisarufi ni la kiume. Husemwa bean mhaith, mwanamke mwema, kwa kulainisha m ya maith, yaani kuiandika mh. Lakini cailín maith, bila kulainisha. Maneno mengi yenye mwisho -ín ni ya kiume. Hata hivyo ukimtaja msichana huyo tena utasema sí, kiwakilishi cha kike, kama sisi tunavyosema kijana anakuja, wala si kijana kinakuja.