Jibu: "moot" ni jambo la kujadili au la kuachana nalo?

Mkuu, umeuliza kwa nini bosi wako Mwingereza akisema jambo ni "moot" anataka mjadiliane, ilhali mteja wa Marekani akiandika hivyohivyo anafunga mjadala. Hujawasoma vibaya. Kila mmoja yuko sahihi kwao.

Asili yake ni Kiingereza cha kale, "gemot", yaani baraza. Wakuu waliomshauri mfalme walikaa kwenye "witenagemot". "Meet", kukutana, ni ndugu yake wa damu. Basi jambo "moot" ni la kupelekwa barazani, bado lina ubishi. Waingereza wengi wamebaki hapo.

Waliopindua maana ni wanasheria. Kule London, kwenye Inns of Court, yaani vyama vya mawakili, wanafunzi walijinoa kwa kubishania kesi za kubuni, zoezi lililoitwa "moot": unabisha mpaka jasho likutoke, lakini hafungwi mtu. Wamarekani wakashika upande huo wa kubishana bila matokeo. Mwaka 1974 Mahakama ya Juu yao iliiacha kesi ya DeFunis, aliyeshtaki kwa kunyimwa nafasi ya kusomea sheria, kwa kuwa alishaingia kwa amri ya mahakama na alikuwa karibu kuhitimu. Uamuzi ungemsaidia nini? "Moot."

Hata "shauri" letu lina vituko hivyo. Shauri liko mahakamani linasikilizwa, halafu mtu anakwambia "shauri yako" na maongezi yameisha.

Ukimjibu mteja huyo, liepuke neno "moot". Sema wazi kama jambo lina utata au limepitwa na wakati. Na usiandike "mute", hiyo ni bubu.